Shangazi Mkalimani: Afisa ameniuliza siku ya harusi yangu, nikakubali isiyo yangu

Barua za mwezi huu nyingi zimekuja na kilio kimoja: tarehe. Nimechagua tatu. Mbili nimezipunguza kwa sababu ya nafasi. Ya kwanza nimeiacha ndefu kwa kuwa jibu lenyewe limejificha ndani yake.

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mtoto wa Mombasa, Mji wa Kale, sasa naishi Columbus, Ohio. Mume wangu ni raia wa Marekani, ndiye aliyenifanyia makaratasi, nikaja mwaka 2021. Juzi niliitwa intavyuu ya uraia. Yale maswali ya historia na serikali nilikuwa nimeyameza. Nikajibu sita mfululizo, afisa mwenyewe akasema inatosha. Balaa lilianza alipoanza kuniuliza habari zangu mimi.

Akaniuliza niliolewa lini. Shangazi, akili ilihama. Nikaona hina, nikaona mama anafuta machozi kwa ncha ya leso, tarehe sikuiona. Siku ya nikaha mimi sikuwapo msikitini, nilikuwa ndani na somo wangu. Waliokwenda ni wanaume. Nikaha ilikuwa Ijumaa, mwanzo wa Shaabani. Kupamba kukawa Jumapili. Cheti tulikifuata kwa kadhi wiki tatu baadaye, kimeandikwa ndoa ni ya 12/04/2019. Basi nikasema "Aprili". Afisa akatazama fomu yangu, akasema: mbona hapa pana Desemba? Nikaogopa. Nikasema, "Ndiyo, Desemba, samahani."

Akaja kwenye safari. Nikasema nimekwenda nyumbani mara mbili: mama alipougua, na mama alipofariki. Akataka tarehe. Ya kwanza ninachojua ni kwamba nilirudi huku siku chache kabla ya uchaguzi. Ya pili nikashindwa hata mwezi, nikalia.

Nimepewa karatasi imetiwa alama kwamba uamuzi bado, na nyingine inataka cheti cha ndoa na maelezo ya safari ndani ya siku 30. Fomu nilijaziwa na kijana mmoja wa mtaani kwetu kwa dola mia. Mume wangu amenuna, anasema mke gani asiyejua siku aliyoolewa. Je, wataninyima? Na je, haya ni maradhi? Nina miaka 34 tu.

*Bi Harusi wa Desemba, Columbus*

Marahaba mwanangu.

Kabla hujasoma mbele, nenda kachukue hicho cheti, ukiweke mezani kando ya nakala ya fomu yako, usome tarehe zote mbili kwa sauti. Cheti: 12/04/2019. Fomu, nina hakika kama ninavyolijua jina langu: 12/04/2019. Hakuna tarakimu iliyobadilika. Ila Kenya, kama kwetu Tanzania, tunatanguliza siku. Marekani wanatanguliza mwezi. Kwa kadhi wa Mombasa hiyo ni tarehe kumi na mbili mwezi wa nne. Kwa afisa wa Ohio ni tarehe nne Desemba. Huyo kijana wa dola mia alinakili kama alivyoona, akatia pesa mfukoni.

Nimefungua kalenda. Tarehe 12 Aprili 2019 ilikuwa Ijumaa, na Shaabani ndiyo kwanza imeingia. Tarehe 4 Desemba mwaka ule ilikuwa Jumatano, katika Mfungo Saba, yaani mwezi wa saba baada ya Ramadhani. Kwa hiyo ulipojibu "Aprili" ulijibu kweli tupu, hukusahau kitu. Kisha fomu ikakubishia, nawe ukaisadiki fomu.

Mumeo mwambie hivyo. Na ukipenda, muulize, bila kutazama, siku mliyokwenda kuchukua cheti ilikuwa tarehe ngapi. Nangojea jibu lake.

Sasa nitakugombeza kidogo. Lile neno "ndiyo, Desemba, samahani" ndilo linalonitia wasiwasi kuliko machozi yako. Nalijua linatoka wapi. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa akisema jambo hukatai mbele ya watu. Unasema naam, kisha ukitoka unafanya unavyojua. Lakini yule afisa si mjomba wako. Ulikuwa umenyanyua mkono, umekula kiapo, na anachoandika baada ya kila "ndiyo" yako ni jibu lako. Mwisho wa mahojiano ukatia saini kwamba masahihisho yote ni ya kweli. Katika miaka yangu ya kukalia kile kiti cha katikati, baina ya mwenye kuuliza na mwenye kuulizwa, nimeona watu wengi wakiponzwa na adabu yao. Mtu anaambiwa "ulifika Mei, sivyo?" anajibu ndiyo, na alifika Agosti. Amejibu vile asimvunjie mtu uso. Mkalimani hana la kufanya. Haruhusiwi kuongeza wala kupunguza, anatafsiri ile ndiyo kama ilivyo huku tumbo linamuuma.

Karatasi uliyopewa haisemi umenyimwa. Imekupa nafasi, itumie. Andika barua ya ukurasa mmoja: ndoa ilifungwa tarehe 12 Aprili 2019, mwezi uandike kwa jina na usiuandike kwa namba; cheti cha Kenya kimetanguliza siku; aliyejaza fomu alinakili vibaya; na ulipoulizwa ukababaika, ukakubali Desemba kimakosa. Hayo ya mwisho usiyafiche. Ambatisha nakala ya cheti. Muombe mumeo nakala ya maombi aliyokuombea zamani. Ikiwa kule aliandika Aprili, iambatishe pia, maana inaonyesha kwamba mlisema Aprili tangu mwanzo, kabla ya haya yote. Kabla ya kupeleka chochote, mwonyeshe wakili wa uhamiaji, au mmoja wa wale wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria ambao hupatikana kwenye mashirika ya misaada kwa bei nafuu. Kijana wa dola mia usimrudie hata kwa bure.

Kuhusu safari, elewa kwanza kwa nini wanauliza. Hawakupimi mapenzi yako kwa marehemu mama yako, Mungu amrehemu. Wanahesabu siku. Wewe unaomba kwa njia ya mke wa raia, ile ya miaka mitatu, na humo ni lazima uwe umekuwapo Marekani kwa mwili wako angalau miezi 18. Na safari moja ikipita miezi sita inaleta maswali mengine. Kwa hiyo wanataka siku ya kutoka na siku ya kurudi, basi.

Fungua pasipoti. Mhuri wa Kenya unaonyesha siku uliyofika Kenya. Fomu inataka siku uliyotoka Marekani, na baina ya hizo mbili kuna usiku mmoja au miwili ya ndege. Watu wengi hunakili mhuri, halafu tiketi inasema vingine, wakaonekana waongo kwa sababu ya usiku waliolala angani. Tafuta tiketi kwenye barua pepe yako, andika jina la shirika la ndege kwenye kisanduku cha kutafutia, zitatoka. Zisipotoka, tazama taarifa za benki: siku kadi yako ilipoacha kununua maziwa Columbus na siku ilipoanza tena. Halafu rudi kwenye kumbukumbu zako mwenyewe. Umesema ulirudi siku chache kabla ya uchaguzi. Uchaguzi wa Kenya ulikuwa Jumanne tarehe 9 Agosti 2022. Basi ulirudi mwisho wa Julai au mwanzo wa Agosti 2022, na hapo tiketi itakuwa na pa kukaa. Ya msiba, hesabu kutoka arobaini. Uliikalia arobaini ya mama au uliondoka kabla? Nani alikupeleka uwanja wa ndege? Mpigie huyo.

Umeniuliza kama ni maradhi. Mimi si daktari, ila nitakusimulia yangu.

Siku yangu ya kuomba uraia, imepita zaidi ya miaka kumi na mitano, afisa alikuwa bwana mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akaniuliza tarehe za kuzaliwa watoto wangu wawili. Nikamtajia. Akaandika, akasita, akanitazama: "Kwa hiyo wote wamezaliwa siku moja, wakipishana miaka mitatu?" Nilikuwa nimempa wa pili siku ya wa kwanza. Nikajaribu kumtafuta wa pili kichwani. Nikapata mvua ya El Nino ya mwaka 1997, Tanga nzima imelowa. Nikampata mume wangu, katika ile haraka ya kunipeleka hospitali usiku, amebeba kikapu cha nazi badala ya mfuko wa kanga. Kikapu kile naweza kukuchorea mpaka leo, pindo lake limefumuka upande mmoja, nazi tano ndani na moja imeota. Manesi walizigawana. Tarehe? Hakuna.

Nikamwambia bwana yule, kwa Kiingereza changu cha wakati huo: naomba radhi, sina hakika, najua ni Desemba 1997, naomba nitazame cheti. Akaninyooshea mkono kwamba haya. Nikafungua bahasha, nikamsomea. Ikaisha. Nusu dakika haikutimia, na mimi nilikuwa nimekwisha kujiona ndani ya ndege narudishwa.

Kwa hiyo jifunze maneno haya kwa Kiingereza, uyaseme mpaka yazoeleke mdomoni: sikumbuki tarehe kamili. Nakadiria ni mwezi fulani. Najua hivyo kwa sababu kadhaa. Naomba nitazame karatasi yangu. Wako maafisa watakaokataa usitazame. Sawa, umebaki na makadirio yako na umesema kwamba ni makadirio. Usichoruhusiwa ni kuokota tarehe hewani ili kimya kiishe. Kimya cha ofisini kinatisha, najua. Kiache kitishe.

Na kumbukumbu zetu za kikwetu usizidharau. Nilipata kumtafsiria mzee mmoja, jimbo silitaji, aliyeulizwa mkewe alifariki lini. Akajibu kwa sauti imetulia kabisa: "Mfungo Tatu, siku ya nne baada ya Idi." Nikatafsiri hivyo hivyo. Jaji akauliza, mwaka gani? Mzee akasema, "Mwaka ilipozama Spice Islander." Jaji hakuelewa, upande wa pili wakaanza kupanguapangua karatasi. Wakili wake akaomba dakika, akatoa simu. Meli ya Spice Islander ilizama Nungwi, Zanzibar, tarehe 10 Septemba 2011. Idi ya Mfungo Tatu ya mwaka ule iliangukia mwanzoni mwa Novemba. Cheti cha kifo kilipofunguliwa, kilisema Novemba 2011. Yule mzee alikuwa na hakika kuliko wote chumbani. Kasoro ni kwamba hakuna aliyekaa naye mapema kuihamisha ile Mfungo Tatu kwenye kalenda wanayoisoma wao.

Kazi hiyo ndiyo ninayotaka uifanye wewe, nyumbani, juu ya meza ya kulia. Nunua daftari la shule. Upande wa kushoto andika unavyokumbuka wewe: mama alipougua, kabla ya uchaguzi, nikaha, Ijumaa, Shaabani. Upande wa kulia andika tarehe ya karatasi, mwezi kwa jina. Pasipolingana, weka alama na utafute kwa nini sasa hivi, usingoje kutafutiwa na afisa. Andika pia siku mumeo alipopata uraia, maana hiyo nayo wanaiuliza na wake wengi hawaijui. Yeye naye aandike yako. Mfanye usiku mmoja wa chai na mbaazi, muulizane. Pengine na kununa kutaisha.

Mama, jambo,

Mimi ni mtu wa Fizi, Kongo. Tulivuka ziwa mwaka 1996 tukaingia kambi ya Nyarugusu, Tanzania, nikaishi kambini miaka 18 kabla ya kuletwa Kentucky. Kwenye karatasi nimezaliwa tarehe 1 Januari. Mke wangu 1 Januari. Shemeji yangu 1 Januari. Kazini wanatuandalia keki moja na kucheka. Sasa kaka aliyebaki amepata kitabu cha kanisa kinachoonyesha nilizaliwa mwezi wa sita, na mwaka mmoja nyuma ya ule walioandika. Wenzangu wananishauri nichukue uraia kwanza, tarehe nitengeneze baadaye. Ni kweli?

*Baba Januari, Louisville*

Jambo baba.

Wenzio wamekuelekeza kinyume. Tarehe unayoapa nayo siku ya uraia ndiyo itakayoandikwa kwenye cheti cha uraia, na kanuni zao zinasema wazi kwamba mtu aliyekwisha kuapa hawezi kurudi baadaye akasema tarehe aliyoiapia haikuwa ya kweli, wakamsahihishia. Wanachosahihisha ni kosa lao wenyewe la kuandika. Kwa hiyo kama unataka kulifungua, lifungue sasa, kabla ya kiapo: nakala ya kitabu cha kanisa na tafsiri yake kwa Kiingereza, maelezo ya kaka yako kwa maandishi, na maelezo yako ya jinsi hiyo Januari ilivyopatikana.

Hilo la mwisho lieleze bila aibu, hukudanganya mtu. Wanajua. Wakimbizi wa nchi nyingi duniani wameandikwa Januari mosi kwa sababu mwandikaji alikuwa na mwaka wa kukisia na visanduku viwili vitupu vya kujaza. Hata sisi ambao hatukukimbia popote, miaka yetu mingi ni ya mwalimu mkuu. Ulipelekwa shule, ukaambiwa upitishe mkono juu ya kichwa ushike sikio la upande wa pili. Ukilifikia, umetimiza miaka saba, andika. Mimi nilikuwa na mikono mirefu.

Lakini jiulize pia kama unataka kweli. Ukibadilisha, leseni ya udereva, Social Security, benki, hospitali, rekodi za watoto, kote utapita na kuelezea. Kwa keki tu, mimi ningekula keki. Kwa mwaka mzima unaokusogezea umri wa pensheni, hapo nisingeiacha. Mwone wakili kabla hujajaza hiyo fomu ya uraia.

Habari shangazi,

Ninatoka Burundi, nipo Maine, nimeomba hifadhi. Kwenye maelezo yangu nilisema watu walikuja nyumbani usiku wa Alhamisi saa nane. Rafiki akaniandikia kwa Kiingereza. Juzi nimeyasoma: yanasema saa mbili za jioni kwa saa zetu, Alhamisi. Mimi nilimaanisha usiku wa manane. Ni jambo kubwa?

*Anayengoja, Portland*

Habari njema mwanangu.

Ni jambo kubwa, na linarekebishika. Rafiki yako aliichukua nane yetu akaiacha nane, na nane yao ya usiku ni saa mbili yetu. Saa nane yetu ya usiku ni saa mbili yao, usiku wa manane. Kwa maandishi yalivyo sasa, walikuja wakati jirani zako bado wanapika. Halafu kwenye mahojiano utasema ulitolewa kitandani umelala, na afisa atakuuliza nani analala wakati huo.

Na siku yenyewe umeniacha njia panda. Kwa wazee wangu wa pwani usiku wa Alhamisi ni ule wa kuamkia Alhamisi, kwa kuwa siku inaanza jua likizama. Kwa wengine ni usiku unaofuata baada ya mchana wa Alhamisi. Kwa kalenda yao saa hiyo ya usiku wa manane tayari ni siku nyingine. Kaa chini ukumbuke kulipokucha ilikuwa siku gani: watoto walikwenda shule? Kulikuwa na soko? Ukishajua, andika marekebisho, uyapeleke kabla ya mahojiano kupitia wakili wako, na saa iandike kwa namna yao, ukieleza kwamba nyumbani tunahesabu kuanzia macheo.

Mkalimani wa mahojiano ya hifadhi utampeleka mwenyewe, awe ametimiza miaka 18, na asiwe wakili wako wala shahidi wako. Usimchukue huyo rafiki. Utakayempata, kabla hujamkubali, mwambie: niliamka saa kumi na moja alfajiri. Akitafsiri kumi na moja, mshukuru, umtafute mwingine.